Kupulizia dawa kwenye mpunga: droni au bomba la mgongoni?

Bomba la lita 16 hujazwa mara 12 au 13 kumaliza hekta moja, maana kiwango cha kawaida ni kama lita 200 za maji. Kwenye jaruba lenye tope hiyo ni kazi nzito, na mtu anapita katikati ya dawa aliyoipuliza mwenyewe. Droni hutumia lita 10 hadi 20 kwa hekta hiyo hiyo, mwendeshaji akiwa amesimama kwenye tuta. Kwa afya ya mpuliziaji pekee, droni imeshinda.

Lakini maji yakipungua hivyo, dawa inakuwa kali mara 10 au zaidi, na matone yake ni madogo. Upepo ukizidi mita 3 kwa sekunde, yanahamia kwa jirani. Kiuagugu kikitua kwenye nyanya zake, zinajikunja na kunyauka. Rusha asubuhi mapema, mita 2 hadi 3 juu ya mimea. Soma lebo kwanza: dawa isiyoruhusiwa kupulizwa kutoka angani, iache. Chuja mchanganyiko pia, kwani dawa ya unga isiyokorogwa vizuri huziba nozeli, yaani vitundu vya kutolea dawa, na kuacha mstari mzima wa wadudu.

Tangi likijaa, betri hudumu kama dakika 10, hivyo andaa betri kadhaa na jenereta. Kibali cha kurusha droni hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga: KCAA nchini Kenya, TCAA nchini Tanzania. Kwa robo eka, usumbufu wote huo wa nini? Bomba linatosha, na mpira wake ukichakaa, mwingine unapatikana duka la pembejeo.