TAHADHARI: Kompyuta "zilizoovaklokiwa tayari" – msitume pesa kabla hamjaonyeshwa BIOS

Wadau, naombeni msome hili hata kama leo hamnunui. Kuna matangazo ya kompyuta za mezani zinazodaiwa kuovaklokiwa, yaani prosesa imepandishwa kasi kupita ile ya kiwandani, yanazunguka, na wanaoumia ni watu wanaonunua mashine yao ya kwanza ya gemu au ya kuhariri video, wengine wamejinyima muda mrefu.

Tangazo huwa hivi: "Core i7-8700K, imeovaklokiwa 5.2 GHz, imepimwa, haigandi kabisa." Chini yake kuna picha ya CPU-Z, programu ya kuonyesha taarifa za prosesa, inayosoma 5200 MHz. Bei inawekwa juu kuliko mashine ya kawaida, eti kwa sababu kazi ngumu imeshafanywa.

Mashine moja ya namna hiyo imepita mikononi mwangu. Kijana aliyeinunua alikuwa analalamika kwamba inajizima katikati ya kazi. Muuzaji akamwambia apige Windows upya. Akapiga, hali ikawa ile ile. Alipomwandikia tena akaambiwa umeme wa kwake ni mbovu, na baada ya hapo ujumbe haukujibiwa.

Nilitaka kuingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, nikakuta imefungwa kwa pasiwedi. Mtu aliyeilipia mashine yote hawezi kuingia kwenye mipangilio yake mwenyewe! Tukaiacha kwanza tukafungua HWiNFO, programu ya kusoma joto, volti na kasi, ndani ya Windows. Vcore, yaani volti zinazoingia kwenye viini vya prosesa, zilikuwa zimegandishwa kwenye 1.45 hata mashine ikiwa haina kazi yoyote. Tukawasha Prime95, programu ya kuibana prosesa kwa hesabu nzito. Ndani ya sekunde chache joto likafika 100°C, ambacho ndicho kikomo cha prosesa hiyo, na kasi ikaanza kuporomoka yenyewe ili isiungue. Ile 5.2 GHz aliyouziwa ilikuwepo mashine ikiwa imekaa kimya tu. Ukiibana, haipo.

Event Viewer, yaani daftari la Windows la matukio na makosa, nayo ilikuwa imejaa maonyo ya WHEA-Logger, yaani prosesa inakiri kwamba imekosea hesabu. Hapa ndipo nataka mwelewe kwa nini wauzaji hawa hukimbilia kusema "piga Windows upya". Ukipiga upya, kumbukumbu hizo zote zinafutika, na ushahidi wako umekwenda nazo.

Baadaye tuliirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, na bado ikibanwa inatoa makosa. Tulijaribu RAM nyingine na pawasaplai nyingine, hakuna kilichobadilika. Prosesa imeshachakazwa.

Kupandisha kasi kwenye karatasi ni jambo jepesi mno. Kasi ya prosesa ni mapigo ya msingi, kwa kawaida 100 MHz, mara kizidishi. Andika 52 kwenye kizidishi, umepata 5.2 GHz. Intel walipoitoa i7-8700K mwaka 2017 waliipa kasi ya msingi 3.7 GHz na turbo, yaani kasi inayojipandisha yenyewe, ya hadi 4.7 GHz. Kutoka hapo kwenda juu kila prosesa ina uwezo wake, hata mbili zenye jina moja zilizotoka kiwanda kimoja. Yenye bahati inapanda kwa volti kidogo, nyingine inagoma. Fundi mwaminifu akiona inagoma, anashusha kizidishi. Tapeli anaongeza volti mpaka Windows iwake, anapiga picha, anauza.

Na volti si za kuchezea. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Ukitoka 1.25 kwenda 1.45, joto linaongezeka kwa takribani asilimia 35, na hapo bado hujahesabu kasi yenyewe. Volti kubwa pamoja na joto kali huzichakaza njia nyembamba za ndani ya chipu taratibu. Prosesa haifi siku hiyo. Inaanza kudai volti zaidi kwa kasi ile ile, halafu inaanza kuganda, na kufikia hapo muda wako wa kulalamika umeshapita. Anayedhani natia chumvi aangalie yaliyozikuta prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba zilikuwa zinapata volti kupita kiasi. Wakatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili, lakini prosesa iliyokwisha kuharibika haikuponywa na marekebisho hayo. Hizo hazikuhitaji hata mtu wa kuziovakloki.

Sasa, mtu akikuuzia mashine ya aina hii, mwambie akupigie simu ya video, si klipu aliyorekodi jana. Aanzie kwenye BIOS, uone kizidishi, volti na kikomo cha joto, maana kwenye baadhi ya madabodi (ubao mkuu unaobeba prosesa) kikomo hicho kinaweza kusogezwa juu ili mashine isijipunguze kasi. Kisha aingie Windows, awashe Prime95 au OCCT, nayo ya kuibana mashine, huku HWiNFO ikiwa wazi, aiache angalau nusu saa. Wewe angalia joto la juu kabisa, kasi ya viini vyote kwa pamoja, na mstari wa makosa ya WHEA, ambao lazima ubaki sifuri. Nusu saa haithibitishi kwamba mashine ni imara. Anayeovakloki kwa dhati huiacha saa nyingi, na RAM anaipima peke yake kwa MemTest86. Ila nusu saa inatosha kumuumbua tapeli. Raundi moja ya Cinebench, kipimo kifupi cha kasi, haitoshi, na picha ya CPU-Z haithibitishi chochote zaidi ya sekunde ile iliyopigwa. Akikataa kufungua BIOS, achana naye, hata apunguze bei.

Kuna na ujanja mwingine. Wapo wanaojumlisha kasi ya viini: viini vinne vya 3 GHz wanaandika "12 GHz". Huo ni uongo mtupu, kasi haijumlishwi hivyo. Wengine hubadilisha jina la prosesa kwenye rejista ya Windows, ukifungua taarifa za mfumo unaona i7 wakati ndani kuna i3. Jina la kweli litazame ndani ya BIOS. Wengine wanatangaza kuovakloki prosesa zilizofungwa kizidishi. Kwa Intel za kawaida tafuta herufi K kwenye jina, na madabodi ambayo jina la chipseti yake linaanza na Z. Prosesa za Ryzen, za AMD, nyingi ziko wazi, lakini madabodi za A320, A520 na A620 haziruhusu kuovakloki prosesa.

Wanaouza "faili la mipangilio" la kuingiza kwenye BIOS yako, au wanaotaka uwaachie kompyuta kwa mbali wakupandishie kasi, msiwape hata nafasi. Mipangilio ya prosesa ya mtu mwingine haijui chochote kuhusu yako, na mtu uliyempa mashine yako kwa mbali anaona kila kitu kilichomo.

Kama umeshanunua, usipige Windows kwanza. Piga picha za Event Viewer, za HWiNFO mashine ikiwa imetulia na ikiwa imebanwa, na za BIOS au za ile skrini ya pasiwedi. Hifadhi pia tangazo lenyewe kabla halijafutwa. Ndipo uzime, uchomoe waya wa umeme, utoe betri ya CR2032 kwenye madabodi kwa dakika kadhaa, au ufuate maelekezo ya CLR_CMOS (kufuta mipangilio ya BIOS) kwenye kijitabu cha madabodi. Madabodi nyingi za mezani zitarudi kwenye mipangilio ya kiwandani na pasiwedi itaondoka. Pima tena hivyo hivyo bila kuwasha XMP, yaani mpangilio wa kupandisha kasi ya RAM. Ikitulia, una mashine ya kawaida uliyouziwa kwa bei ya ajabu. Ikiendelea kutoa makosa, una kifaa kibovu. Kwa vyovyote vile, fungua malalamiko ndani ya jukwaa ulilonunulia, si kwa ujumbe wa faragha na muuzaji, na ufanye hivyo leo, maana atakachofanya ni kukupiga kalenda mpaka muda wa kurudisha uishe.