TAHADHARI: Kishoka anayeuza slipu za mshahara na ripoti za nyumba kwa wanaoomba viza ya mwenza Uingereza

Ndugu zangu mlioko Uingereza mnaohangaika kuwaleta wenza wenu, nanyi mlioko nyumbani mnaosubiri, tafadhali msitume pesa kwa mtu kabla ya kusoma hili. Mimi nimeliwa pauni 1,000, na ilibaki kidogo tu nimfungie mume wangu njia.

Nafanya kazi ya kutunza wazee, nalipwa kwa saa. Mume wangu yuko Tanga. Hapa naishi na binti yetu wa miaka 6, tumepanga chumba na sebule. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, anayemdhamini mwenza kwa maombi mapya anatakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, wakati zamani ilikuwa 18,600. Saa zangu za kawaida zinaniingizia kama 24,600. Usingizi ulikuwa hauji.

Huyu kaka nilipewa namba yake na mtu ninayemheshimu, na huyo naye alikuwa ameingizwa vilevile. Ana maneno ya upole, anakuita dada, atauliza hali ya mama yako. Anasema anafanya kazi chini ya mwanasheria. Kwanza alinitisha kwamba kiwango kinapanda hadi 38,700 muda wowote, kwa hiyo nisichelewe. Kweli serikali iliyopita ilitangaza mpango huo, lakini serikali iliyoingia Julai 2024 iliusimamisha, na kiwango kikabaki 29,000. Kisha akaniuliza nyumba yangu ina vyumba vingapi. Nilipomwambia, akaguna: "Dada, chumba kimoja na mtoto? Hapo wanakukataa mchana kweupe."

Akaniuzia kifurushi cha pauni 900. Ndani yake kulikuwa na "kazi ya pili" katika kampuni ya usafi, mkataba wa nyumba ya vyumba vitatu mji mwingine, na ripoti ya ukaguzi wa hiyo nyumba. Kila mwezi kampuni ingeniingizia pauni 400 benki, mimi nizitoe taslimu nimrudishie, na juu yake nimpe 50 za kwake. Alisema watu wote wanafanya hivyo. Nilikubali, na naona aibu kusema nilikubali.

Ripoti ya nyumba ilinifikia baada ya siku nne. Nyumba yenyewe sijawahi kukanyaga, lakini karatasi inasema naishi humo na mwanangu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Baada ya miezi miwili nikafungua programu ya HMRC, mamlaka ya kodi, nione ajira zangu. Mwajiri alikuwa mmoja tu, yule wa siku zote. Slipu za kampuni ya usafi zilionyesha kodi imekatwa na namba yangu ya bima ya taifa ipo, lakini huko kwenye kodi hakuna hata senti iliyofika. Nilipomuuliza akasema kampuni huwa inasajili mwisho wa mwaka. Si kweli. Mwajiri wa hapa anatakiwa kutoa taarifa HMRC kila anapolipa mshahara, siku ile ya malipo au kabla yake. Na Home Office, wizara inayoamua maombi ya viza, wanaweza kuhakiki na HMRC. Wangekuta slipu haina kumbukumbu yoyote, hoja isingekuwa tena kipato kidogo. Ingekuwa udanganyifu, na hilo linabaki kwenye faili la mwombaji kwa miaka.

Nilipombana akanifungia namba. Ndipo nikaenda kwa mshauri aliyesajiliwa, na kilichoniuma zaidi nikakijua pale: nilinunua nilichokuwa nacho.

Sheria ya msongamano wa nyumba, ya mwaka 1985, inahesabu sebule kuwa chumba cha kulala. Vyumba viwili ni watu watatu. Mtoto wa mwaka 1 hadi asiyefika 10 anahesabiwa nusu. Mimi, mume wangu na binti yetu ni watu wawili na nusu. Mkataba wangu halisi na barua ya mwenye nyumba wangu vilitosha kuanzia.

Kuhusu kipato, anayelipwa kwa saa anachukua mshahara wa miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo, kabla ya makato, anatafuta wastani, anazidisha mara 12. Ovataimu halali inaingia. Nilikuwa nahitaji wastani wa pauni 2,417 kwa mwezi. Miezi mitatu ya zamu za usiku nilikuwa tayari nayo, nikaongeza mitatu mingine. Mwenye akiba naye ana njia: kiasi kinachopungua unazidisha mara 2.5, unajumlisha 16,000, na pesa hizo ziwe zimekaa mikononi mwenu miezi 6. Ukiambiwa utakopeshwa pesa za kuonyesha kwa wiki mbili, kimbia. Mkopo hauhesabiwi.

Kama ulishapewa karatasi zake, usiziwasilishe. Kama ulishawasilisha, mtafute mshauri wa kweli leo, usingoje barua. Kutoa ushauri wa uhamiaji hapa bila kusajiliwa ni jinai. Majina ya waliosajiliwa yako wazi mtandaoni kwa Immigration Advice Authority, waliokuwa wakiitwa OISC hadi mwanzoni mwa 2025, na wanasheria wako kwenye orodha ya Solicitors Regulation Authority. Mtu akisema yuko chini ya mwanasheria, ipigie simu ofisi ya huyo mwanasheria mwenyewe, kwa namba uliyoitoa kwenye orodha, si aliyokupa yeye. Mimi nilipopiga, hawakuwa wanamfahamu.

Nimeambiwa amebadili namba na picha, lakini bado anaanza vilevile, kwa salamu ndefu na swali la vyumba vingapi. Akikufikia, muombe jina kamili na namba ya usajili kabla hujajibu.