Programu ya bure ya kusimamia swichi: naitumia kila siku, ila haya mapungufu yake uyajue mapema

Wakuu habari za kazi. Hii ni kwa mafundi wa netiweki wenzangu na kwa yeyote aliyeambiwa dukani kwamba ukichukua swichi zao (vile visanduku vya poti nyingi vinavyounganisha kompyuta, simu na kamera kwenye netiweki) unapewa na programu ya bure ya kuzisimamia zote sehemu moja. Jina la kampuni naliacha, maana haya utayakuta kwenye nyingi za daraja hili, zile swichi za bei ya kati zilizojaa Kariakoo. Nimeifunga kwa wateja tofauti hapa Dar, shule, gesti, ofisi, na bado naifunga.

Uzuri upo. VLAN, yaani kuigawa netiweki moja kuwa kadhaa zisizoingiliana, unaitengeneza mara moja inaenda kwenye swichi zote, na kamera ikiganda unazima na kuwasha PoE (umeme unaopita kwenye waya wa netiweki) ya poti ile ukiwa nyumbani, hupandi ngazi wala hulipi nauli ya kwenda Bunju. Leseni ya kila mwaka hakuna. Kwa mteja mdogo hiyo ni nafuu kubwa sana.

Sasa kinachoniuma kuliko vyote ni grafu za matumizi. Iko hivi, swichi inahesabu baiti zinazopita kila poti na programu inakuja kuisoma ile hesabu kila baada ya dakika 5 kwa SNMP, lugha ya kuulizia vifaa vya netiweki hali yake, ila inasoma ile kaunta ya zamani ya biti 32 ambayo ikifika kama baiti bilioni 4.29 inarudi sifuri na kuanza upya. Poti ya Gbps 1 ikijaa kweli kweli, kaunta inazunguka kila sekunde 34 hivi. Yaani ndani ya dakika 5 imeshazunguka mara 8 na programu haina habari, inachukua hesabu ya sasa inatoa ya mwanzo inagawa, halafu inakuchorea kama Mbps 84 wakati waya umejaa Mbps 1000! Mteja analalamika netiweki nzito, bosi wake anafungua grafu anasema mbona njia iko wazi, fundi ndo unaonekana unatafuta hela ya swichi mpya. Na kaunta ya biti 64 ipo, inaitwa ifHCInOctets, nimeingia na snmpwalk, amri ya kuisoma SNMP kwa mkono, kwenye swichi hizo hizo nikaikuta inahesabu vizuri tu, ni programu ndo haiiulizi. Kwa sasa naweka LibreNMS pembeni, programu nyingine ya kufuatilia netiweki, nayo ni bure na inasoma za biti 64, grafu naangalia huko.

La pili ni kusevu. Ukituma mabadiliko swichi inayapokea na kuyafanyia kazi palepale, lakini yako kwenye RAM tu, inayofutika umeme ukikatika, kuyaandika kwenye flashi isiyofutika ni kitufe kingine kabisa kwenye ukurasa mwingine na hakuna kinachokukumbusha. Kwa umeme wetu huu unajua kitakachofuata. Kuna gesti moja umeme ulikatika usiku ukarudi, asubuhi simu za mapokezi hazipati IP, nafungua dashibodi kijani kote, VLAN ya simu naiona ipo na poti zake. Naingia kwenye swichi yenyewe kwa SSH, yaani kwa kuiandikia amri moja kwa moja, poti zote 24 ziko VLAN 1, ile ya kiwandani! Kumbe ile skrini inakuonyesha kilichoko kwenye databesi yake, haiendi kuiuliza swichi ina nini. Hapo ndo naona kosa kubwa la watengenezaji, bora ingeandika sijui kuliko kuweka kijani.

Na kinyume chake nacho kipo, ukiingia kwa SSH ukabadilisha kitu kwa mkono, programu ikija kusawazisha inakifuta na kurudisha cha kwake. Hili wameliandika wenyewe kwenye orodha ya matatizo yanayojulikana, ile inayokaa chini kabisa ya maelezo ya kila toleo, kwa hiyo isomeni kabla ya kuapdeti jamani, isomeni yote.

Kubadilisha VLAN ya usimamizi (ile unayoingilia kwenye swichi zenyewe) kwa mbali usithubutu kama huna mtu eneo la tukio mwenye kebo ya konsoli, ile inayochomekwa kwenye swichi yenyewe bila kupitia netiweki. Juniper wana commit confirmed, usipothibitisha ndani ya dakika 10 konfigi ya zamani inarudi yenyewe, MikroTik wana Safe Mode, ukikatika mabadiliko yanafutika. Hii haina chochote cha namna hiyo, ukijifungia nje umejifungia. Ukilazimika anza na swichi ya mbali kabisa ndo urudi kwenye ya karibu, sio kinyume.

Ramani ya netiweki inategemea LLDP, ambayo vifaa hutumia kujitambulisha kwa jirani zake, na vya bei rahisi havina, kwa hiyo kiswichi cha poti 5 alichochomeka mhasibu chini ya meza hakionekani, utashangaa tu poti moja ina MAC (namba za utambulisho wa vifaa) 4.

Usalama sasa, msiifungue moja kwa moja kwenye intaneti, tumieni VPN, njia ya siri ya kuingilia netiweki ukiwa mbali. Desemba 2021 Log4Shell, tundu la usalama kwenye Log4j inayotumika na programu nyingi, iligusa hata kontrola za UniFi na Omada, programu za usimamizi za aina hii hii, ikabidi watu waapdeti mbio mbio, na Oktoba 2023 ukurasa wa wavuti wa kusimamia vifaa vya Cisco vyenye mfumo wa IOS XE ulikutwa na tundu lililopewa alama 10 kati ya 10, CVE-2023-20198. Hao ni wakubwa wenye timu kamili za usalama.

Nyota 3 kati ya 5. Kwa ofisi yenye swichi tano sita chukua. Kwa hospitali au sehemu inayorekodi kamera nyingi usiku kucha mimi siifungi mpaka grafu zisome ukweli. Kama kuna mdau ana toleo jipya na ameona kaunta za biti 64 zinasomwa, aniambie ni toleo lipi, nina wateja wanasubiri.