TAHADHARI: Muuza betri wa mtaa wa Gerezani, Dar, na hadithi zake za theluji, kanipiga laki saba kweupe

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira mpaka vidole vinatetemeka, kwahiyo nikikosea herufi nivumilieni. Nimepigwa. Mimi huyu huyu niliyewacheka wenzangu waliouziwa kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu, mimi ambaye kila mtu kwenye ukoo akitaka kununua kitu Kariakoo ananipigia kwanza, nimeingizwa mjini mchana wa jua kali, na nikashukuru juu yake.

Mnaonijua mnakijua kile kigari changu cha Kimbiji, cha siti mbili na kibebeo nyuma, kilichokuja kutoka Marekani na bledi yake ya kusukumia theluji mbele, ile mliyoitania mpaka mkachoka wenyewe. Nyie chekeni, lakini bledi hiyo ndiyo inayosafisha mchanga njiani na matope ya masika, na winchi yake ndiyo inatoa magari ya wageni yakinasa ufukweni. Kilivyokuja kilikuwa na betri mbili, moja ya kuwashia injini, moja ya winchi, katikati kuna aisoleta ya kuzitenganisha ili winchi ikimaliza umeme wake injini ibaki na wa kwake. Na ipo sababu ya kufunga hivyo, wale watu wa theluji bledi yao inanyanyuliwa na hiyo hiyo winchi, wanapandisha wanashusha wanapandisha asubuhi nzima huku kigari kinakwenda mwendo wa konokono, chaji ya injini haitoshi, betri moja lazima ikufie njiani. Za kwangu zilikuwa zimechoka, moja imevimba kabisa. Ndio nikaenda mjini.

Ilikuwa Jumamosi saa tano asubuhi. Nia yangu kuuliza bei tu. Nikapita maduka matatu, huyu laki nne na nusu, huyu laki tano, ukiuliza swali la pili mtu kashahamia kwa mteja mwingine. La nne, jamaa akainuka kwenye kiti. Ni hilo tu, kuinuka. "Karibu kaka mkubwa, kaa kwanza, jua kali." Ana miaka thelathini na kitu hivi, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Akamtuma dogo akaleta maji ya baridi, chupa haijafunguliwa. Sasa mtu kashakupa maji ya baridi Gerezani saa tano asubuhi, wewe utatokea wapi kwenda duka la tano?

Akaniuliza, betri ya nini kaka? Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi kwa jembe langu mwenyewe. Ningejibu "ya winchi" nikanyamaza. Mimi nikatoa simu, nikamuonyesha picha, nikamuonyesha video, nikamhadithia Marekani, theluji, bledi, betri mbili, aisoleta, winchi ya kuvuta tani mbili, kila kitu, najiona mtaalamu. Jamaa anatikisa kichwa, "eeh", "kumbe", "endelea mkubwa". Dakika tano baadaye akachukua maneno yangu yale yale akanirudishia kwa sauti yake: "Kaka, kigari cha theluji hakitaki betri za kawaida hizi. Kinataka AGM, zile zilizofungwa kabisa zisizotiwa maji, za nchi za baridi, na huo mzigo mimi unakuja kwa oda maalum." Na mimi moyoni, hee, huyu ndio anajua! Mtu ambaye dakika tano zilizopita theluji anayoijua ni ile ya Kilimanjaro tu.

Akaongeza, "kama imehimili baridi ile ya wazungu, joto la Dar hili si mchezo wa kitoto kwake?" Nikaona ina mantiki kabisa. Nikacheka naye.

Na msije kuniambia nilikuwa na tamaa ya bei rahisi, maana mimi mwenyewe nilinyoosha kidole kwenye betri moja kubwa nyeusi pale chini, ya laki nne na themanini, nikasema nipe hizi mbili. Akanishika mkono. "Hiyo usinunue kaka, nitakuwa nimekula hela yako bure. Hiyo ya sola, ya watu wa taa na tivii." Mfanyabiashara anakukataza kununua cha ghali, utamshuku vipi? Nyie mngemshuku? Leo najua ile kubwa ndiyo ilikuwa betri, pengine ya pekee mle dukani.

Akatoka nazo chumba cha nyuma, mbili, ndani ya boksi safi. Stika inang'aa, imeandikwa 100Ah (ampea-saa 100, yaani akiba ya umeme inayobebwa), na picha ya mlima wenye barafu. (Nimekuja kuuangalia vizuri juzi ule mlima, ni Kilimanjaro, hata mawingu yake nayajua.) Nikainyanyua moja kwa mkono mmoja. Ikanyanyuka. Nikamwambia mbona nyepesi na mbona kadogo hivi? "Teknolojia kaka, zamani walikuwa wanajaza madini ya risasi bure." Akaweka mita, 12.9. Akaunga taa ya mbele ya gari, ikawaka mpaka nikafumba macho. Halafu akachukua spana akaigusisha temino mbili, PAAA, cheche zikaruka mpaka kwenye kaunta, dogo akapiga kelele, na mimi nikarudi nyuma hatua mbili nikasema aisee hii moto. Ile PAAA ndio iliyonimaliza, nakuambieni ukweli. Niliiota usiku ule.

Bado kulikuwa na mzee mmoja amekaa pembeni, kanzu, bakora, heshima zake. Akasema bila kuulizwa, "mwanangu mimi nina boti Kunduchi, nilichukua mbili hapa mwaka jana, hazijanisumbua." Nikamwamkia shikamoo. Yaani nilimpa tapeli shikamoo, kwa mikono miwili.

Hesabu ikawa betri laki mbili na themanini kila moja, waya mnene wa shaba na aisoleta mpya laki na arobaini, jumla laki saba. Nikamwambia nipe lipa namba ya duka. Akasema mtandao wa lipa namba leo unasumbua, tuma kwa hii. Jina likatokea la kike, nikamuuliza, akasema mke wangu huyo ndio anashika hela, na akacheka, na mimi nikacheka maana kwangu ni hivyo hivyo. Risiti akasema mashine imeisha karatasi, akaniandikia kwa mkono nyuma ya kipande cha boksi, "garanti mwaka 1", akapiga mhuri. Mhuri! Nikaona mambo ya kisheria.

Sasa sikieni ya ufukweni. Wiki moja baadaye wakaja wakwe. Mnaojua yale ya ukweni mnajua kwanini siku ile nilitaka kila kitu kiende vizuri. Shemeji kaja na Noah yake, nikamwambia usishuke pale mchanga laini, akashuka, ikanasa mpaka tumboni. Na siku yenyewe bamvua, maji yanajaa haraka. Lakini mimi nilifurahi, wallahi, nikasema moyoni leo ndio leo, wataniona. Nikakisogeza kigari, nikavuta waya wa winchi nikafunga, nikawaambia akina mama sogeeni huko, watoto rudini nyuma, nimevaa na glovu.

Nikabonyeza. Ikavuta mita moja. Ya pili. Baba mkwe akasema "maashallah". Mita ya nne ikaanza kulia kama ng'ombe anayechinjwa, ikapoa, halafu ka-ka-ka-ka, solenoidi, swichi ya winchi, inagonga tu. Nikasema sio shida, kuna betri ya pili ya kuwashia, injini nikaizima makusudi ipumzike. Kuwasha tena, kimya. Hata taa za dashibodi hazikuwaka. Harufu ya plastiki inaungua inatoka chini ya siti, nikagusa waya nikauachia kwa kelele, mbele ya mama mkwe, kwa neno ambalo siwezi kuliandika hapa.

Maji yakaja. Yakafika kwenye ringi, yakafika mlangoni. Vijana wa wavuvi kama kumi na wawili ndio waliokuja na kamba ya boti, harambee harambee, wakaitoa Noah na baadaye wakasukuma na kigari changu pia, mimi nimekaa kwenye usukani kama maiti ya kifalme. Zulia la Noah limeloa maji ya chumvi, umeme wake wa chini umekufa. Shemeji hakusema kitu. Baba mkwe ndiye aliyesema, tena kwa upole: "hizi za kutoka nje hizi."

Jumatatu nikampelekea fundi wangu wa umeme. Hakutumia hata dakika ishirini. Akakwangua stika ya mlima kwa wembe, chini yake kuna stika nyingine, 40Ah, tena ni betri ya kwenye UPS za maofisini, tarehe imekwanguliwa. Yaani kuukuu, zimetolewa huko zikavishwa nguo mpya. Akaziweka kwenye mizani, kila moja kilo 13. Akaniambia AGM ya ukweli ya ampea-saa 100 haipungui sana kilo 28, 30, risasi ndiyo betri yenyewe, hakuna teknolojia ya kuipunguza ikabaki na nguvu ile ile. Akaipa mzigo, yaani akaifungia kitu kinachokula umeme mwingi, ikaporomoka hadi volti 8 hapo hapo.

Nikamuuliza mbona mita ilisoma 12.9? Akasema volti inakuonyesha tu maji yapo mdomoni mwa mtungi, haikuambii mtungi ni mkubwa kiasi gani. Na ile taa? Taa ya gari ya wati 55 inakula ampea nne na kitu. Winchi kama ya kwangu ikikaza kweli inataka ampea 200 hivi, na injini ya kigari yenyewe inarudisha 30 na kitu, tena ikiwa imekanyagwa. Na ile PAAA? Akacheka. Akasema hata betri ya pikipiki itakupigia PAAA.

Waya akaukata kwa kisu: rangi ya shaba nje, ndani mweupe pee, aluminiamu. Ndio maana uliungua. Aisoleta akaifungua, ndani hakuna kitu jamani, kipande cha waya kimeunganishwa kutoka mlango huu mpaka mlango huu. Haitenganishi chochote! Ndio maana winchi ilikunywa betri zote mbili na kuniacha bila hata ya kuwashia. Na lile la baridi, ambalo nililicheka kama mjinga, fundi akasema kinyume kabisa, baridi inaipunguzia betri nguvu kwa siku ile tu, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki kama nusu, ila joto ndilo linaloiua moja kwa moja, kila nyuzi kumi juu ya 25 maisha yake yanakatika karibu nusu. Kwahiyo kwa Dar tungetakiwa kuogopa zaidi kuliko wao.

Nikarudi Gerezani na kipande changu cha boksi chenye mhuri. Frem ile ile, sasa wanauza mapazia. Dada wa mapazia akasema yule alipanga miezi miwili tu, wewe ni wa tano kuja. Wa tano! Na nani nimemkuta frem ya jirani anabeba maboksi, bila bakora, anatembea kama kijana? Mzee wa Kunduchi. Kuniona akaingia uchochoroni, na kwa mwendo ule ana mapafu mazuri kuliko yangu. Namba ya "mke wangu" haipatikani. RB ya polisi nimechukua, mtandao wa simu nimewaandikia, na watu wa FCC (Tume ya Ushindani) wa bidhaa bandia nawaendea na stika zote mbili kwenye mfuko wa plastiki.

Nikimpata huyu mtu simtaki rumande, rumande atakaa anakula ugali wa bure. Nataka afungwe ile kamba ya wavuvi kiunoni aivute Noah ya shemeji kutoka Kimbiji mpaka Gerezani, akichoka tunampima na mita, ikisoma 12.9 anaendelea. Na yule mzee akae juu ya bonet na bakora yake anasema "haijanisumbua". Na shikamoo yangu anirudishie.

Haya, mnaotaka kununua betri: pimeni uzito jamani, kwa mizani si kwa mkono. Kwangueni na stika, ikinyanyuka kona ujue. Jina la malipo lisipofanana na la duka ondoka, mashine ya risiti (EFD) ikiwa "imeisha karatasi" ondoka mbio. Waya ukatwe mbele yako. Na kuna kitu kingine fundi alisema kuhusu kupima na mzigo kabla hujalipa, sikukishika vizuri maana nilikuwa nafikiria lile zulia la Noah. Na mkiulizwa betri ni ya nini, jibuni kwa neno moja mnyamaze, msimpe mtu hadithi yenu aje kuwauzia tena.

Anavyofanana: mweupe wa wastani, pengo dogo la mbele, anasema "mkubwa" kila sentensi. Wale wengine wanne kama mnasoma hapa njooni inbox twende pamoja.

Na kama kuna mtu anajua duka la betri Ilala linalotoa risiti, anielekeze. Nakuja na mizani ya machinjioni.