Uzoefu wangu: Okehampton hadi Plymouth kwa baiskeli, kandokando ya Dartmoor

Hii ni nusu ya kusini ya Devon Coast to Coast, njia namba 27 katika mtandao wa taifa wa baiskeli wa Uingereza. Njia nzima huanzia Ilfracombe, pwani ya kaskazini ya mkoa wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, na kuishia Plymouth, takriban kilomita 160. Nusu ninayoizungumzia ina kilomita 65 hivi. Naipa alama nne kati ya tano. Alama iliyopungua ni kwa sababu ya kipande cha katikati, na wengi husifu vipande vinavyopita juu ya reli za zamani bila kukitaja.

Dartmoor ni nyanda za juu zenye mboji, nyasi ngumu, mawe makubwa ya matale na vichaka vya jamii ya Erica. Aliyepanda Kilimanjaro hadi Horombo anaijua sura hiyo, ila huku kilele cha juu kabisa, High Willhays, kina mita 621 tu. Njia haikupandishi huko. Inazunguka ukingo wa magharibi, hivyo nyanda unazitazama upande wa kushoto, na kulia unaona mashamba na vijiji.

Anzia stesheni ya Okehampton, si mjini. Stesheni iko juu ya mji, na kupandisha kutoka katikati ya mji na mizigo ni kilima cha kukata pumzi kabla misuli haijapata moto. Tangu Novemba 2021 treni za kila siku kutoka Exeter zimerudi, safari ya kama dakika 40, na njia ya baiskeli inaanza pale pale kando ya stesheni. Jaza maji hapo, maana njiani hakuna mabomba. Chupa mbili za lita 0.75 zinatosha siku ya kawaida.

Sehemu ya kwanza inaitwa Granite Way, kilomita 18 hadi Lydford, juu ya tuta la reli iliyofungwa mwaka 1968. Lami ni nzuri na mwinuko haufiki asilimia 2, kwa kuwa injini za mvuke zisingeweza kupanda zaidi ya hapo kwa urahisi. Hata hivyo unapanda bila kujua hadi kupita daraja la Meldon, kwa hiyo ukiona unakwenda polepole usianze kukagua breki kama zinashika rimu. Daraja lenyewe ni la chuma, la mwaka 1874, lina urefu wa mita 165 na kina cha mita 46 chini yake. Ni wazi pande zote. Upepo wa kusini-magharibi, ambao ndio wa kawaida huku, unakupiga ubavuni, na mabegi makubwa ya mbele yanaushika kama tanga. Shikilia usukani kwa mikono miwili, na picha zako piga ukiwa umesimama. Baada ya hapo kuna daraja la pili, Lake, la mawe, na kabla ya Lydford kuna kipande kifupi kinachokutoa kwenye reli na kukuingiza kwenye barabara ndogo. Fuata vibao vya buluu vyenye namba 27 kwenye kiraba chekundu.

Lydford ni kijiji kidogo chenye ngome ya mawe iliyowahi kuwa gereza, na korongo la Lydford Gorge linalosimamiwa na National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi urithi. Kula hapa au beba chakula. Jikoni za baa za vijijini mara nyingi hupika saa sita hadi saa nane mchana, kisha hufunga hadi jioni, na siku nyingine za wiki hazipiki kabisa.

Kutoka Lydford hadi Tavistock reli ya zamani haijafunguliwa kwa baiskeli. Unapita barabara ndogo kupitia Mary Tavy na Peter Tavy, na hapa ndipo safari inapobadilika. Magari ni machache, lakini barabara za Devon zina upana wa gari moja na kingo za udongo zenye ua wa vichaka zinazopita kichwa cha mwendesha baiskeli. Huoni kona inayofuata, na dereva naye hakuoni. Wasomaji wa Kenya, Tanzania na Uganda mna nafuu kwa kuwa gari hapa huendeshwa kushoto kama nyumbani; anayetoka Congo, Rwanda au Burundi ajikumbushe kila anapotoka kwenye geti. Punguza mwendo kabla ya kona na sikiliza injini. Ukikutana na trekta, wewe ndiye wa kurudi hadi kwenye upenyo wa kupishana.

Vilima vya hapa ni vifupi na vikali. Asilimia 15 ni jambo la kawaida, na zaidi ya hapo hutokea. Ukiwa na kilo 15 za mizigo, meno 34 mbele na 34 nyuma ndiyo gia nzito kuliko zote ninayoweza kumpendekeza mtu kwa kupandia. Aliye na meno 30 mbele atashukuru. Badilisha gia kabla ya kilima, si katikati, maana mnyororo unaobebeshwa nguvu zote wakati wa kuhama ndio unaokatika. Beba kiungo cha haraka kinacholingana na idadi ya gia zako (cha gia 9 hakiingii vizuri kwenye mnyororo wa gia 11) na kifaa cha kutolea pini.

Pancha za huku zina msimu. Sheria inabana ukataji wa ua za mashamba kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31, kwa hiyo mashine hupita kuanzia Septemba na kuacha vipande vya miiba barabarani. Mwiba mbaya ni wa mti unaoitwa blackthorn: mwembamba, mgumu, mrefu kama kijiti cha kiberiti. Ukiingia, ncha hukatikia ndani ya tairi na kwa nje huoni kitu. Ukibadilisha tyubu bila kuitoa, utapata pancha nyingine baada ya mita mia chache, na utalaumu tyubu. Geuza tairi nje ndani, pitisha kitambaa kuzunguka duara lote hadi kinase, kisha isukume ncha itokee nje na uivute kwa koleo ndogo. Usitumie kidole kitupu. Tairi za milimita 35 hadi 40 zenye kinga ya pancha ndizo sahihi. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye mabegi naweka upepo wa kama psi 55 nyuma na 45 mbele.

Kutoka Tavistock unaingia Drake's Trail, kilomita 34 hadi Plymouth, na ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Baada ya handaki la Grenofen unavuka Gem Bridge, daraja la mwaka 2012 lenye urefu wa mita 200 na kimo cha mita 24 juu ya mto Walkham. Daraja la awali la reli lilibomolewa miaka ya 1960, na kabla ya hili jipya waendesha baiskeli walilazimika kushuka bondeni na kupanda tena. Horrabridge itakutoa jasho kidogo mitaani, kisha Yelverton ni tambarare. Baada ya Clearbrook kuna mteremko mkali kuelekea bondeni. Ukilowa, shuka kwa kubanabana breki zote mbili badala ya kuning'inia kwenye moja. Wenye breki za rimu wajue mchanga wa matale unasaga raba na rimu kwa pamoja. Ukisikia mkwaruzo, simama, chokonoa chembe zilizojibanza kwenye raba kwa ncha ya kisu.

Handaki la Shaugh lina mita 280 na limepinda, maji hudondoka kutoka darini. Taa zimo, lakini usizitegemee: washa yako, vua miwani ya jua, punguza mwendo. Kuna watu wenye mbwa weusi humo ndani. Kutoka hapo hadi Plym Bridge ni msitu na madaraja marefu ya mawe, unateremka karibu bila kukanyaga. Novemba majani yaliyooza huteleza kuliko barafu.

Wanyama ni suala la kweli. Farasi wadogo wa Dartmoor na kondoo hulala barabarani na hawana haraka. Ukimfikia mtu aliyepanda farasi, usipige kengele karibu. Ongea, mpitie kwa mbali, mita 2 hivi. Vizuizi vya mifugo vya vyuma vilivyolazwa barabarani vuka ukiwa umenyooka kabisa, la sivyo gurudumu litateleza.

Mwenye hamu ya nyika yenyewe atavutiwa na reli ya zamani ya Princetown, iliyofungwa 1956, kutoka Princetown kushuka kuelekea bwawa la Burrator. Ni mawe matupu. Bila tairi za milimita 45 na kuendelea, iache. Tena usitoke nje ya njia zilizoruhusiwa: mwezi Mei 2025 Mahakama ya Juu ilithibitisha haki ya kulala kambini kwenye ardhi ya pamoja ya Dartmoor, lakini haki ya kuingia humo ni kwa miguu au kwa farasi, haikutaja baiskeli. Bendera nyekundu zikipepea kwenye vilima, jeshi linafanya mazoezi ya risasi.

Ramani ya karatasi ni OL28 ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, kwa kuwa mabondeni simu hupoteza mtandao. Usitumie ramani kongwe za baiskeli: mwaka 2020 Sustrans, shirika linalosimamia mtandao wa taifa wa baiskeli, iliondoa takriban robo ya mtandao wa taifa, na njia nyingi zilizochorwa zamani hazimo tena kwenye mtandao huo. Msimu ninaoupenda ni mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai, giza likiingia baada ya saa tatu na nusu usiku. Desemba jua linazama saa kumi na robo. Koti la mvua ni la lazima mwaka mzima, pamoja na madigadi kamili. Princetown hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Kurudi kutoka Plymouth, weka nafasi ya baiskeli mapema kwenye treni ya masafa marefu. Nafasi ni chache na baiskeli huning'inizwa wima kwa gurudumu ndani ya kabati jembamba, hivyo mabegi yote yavuliwe jukwaani kabla treni haijaingia.