Kipimo cha DNA cha kutafuta nasaba: uzoefu wangu na wa shangazi

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Hapa Leicester nilinunua kisanduku kwa paundi 79, na wenye subira hungoja punguzo la Novemba. Unatema mate kwenye kichupa, unarudisha kwa posta ambayo imeshalipiwa, na baada ya wiki kadhaa unapata barua pepe kuwa majibu yako tayari. Kampuni siitaji, kwa sababu ninayoyalalamikia yanazihusu karibu zote.

Majibu huja mafungu mawili. La kwanza ni ile ramani ya rangi na asilimia ambayo watu huirusha WhatsApp. La pili ni orodha ya waliopima kwenye kampuni hiyo hiyo ambao mna vipande vya DNA vinavyofanana. Kwa sisi watu wa pwani, fungu la kwanza ni pambo tu. Mimi ni mtu wa Unguja kwa baba na Pangani kwa mama, na kwa akina mama tumelelewa na habari za Ushirazi, yaani kwamba wazee wetu walitoka Shirazi, Uajemi. Ramani ikaniambia asilimia 71 Afrika Mashariki, 15 Rasi ya Arabia, 8 Bara Hindi, na vijipande vingine. Baadaye kampuni ikasahihisha mahesabu yake: mate yale yale, mtu yule yule, lakini Bara Hindi ikatoweka na Msumbiji ikazuka. Nikawaandikia, wakanijibu kwa barua ile wanayomtumia kila mteja. Kinachofanyika ni kukulinganisha na watu wa leo waliokwisha kupimwa, na wa kwetu humo ni wachache. Isitoshe, kila mzazi humpa mtoto nusu tu ya DNA yake, kwa hiyo babu wa vizazi kumi nyuma anaweza asiwe na hata chembe mwilini mwako na bado akawa babu yako.

Mwenye kiu ya Ushirazi asome utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature Machi 2023, ambao mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba ni mmoja wa walioufanya. Walipima mabaki ya watu 80, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Songo Mnara, kati ya mwaka 1250 na 1800. Wakakuta mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000: kwa akina mama asili ni Afrika kwa sehemu kubwa, kwa akina baba ni Asia, hasa Uajemi. Wazee wetu hawakuwa wakitunga. Lakini hayo yalitoka makaburini, hayakutoka kwenye kisanduku cha paundi 79.

Fungu la pili ndilo lililonirudishia pesa yangu. Juu kabisa kwenye orodha alikuwapo mama mmoja wa Muscat, tuna sentimogani 338 za pamoja (ndicho kipimo cha urefu wa hivyo vipande). Programu ikakisia kuwa ni binamu wa karibu sana. Binamu zangu wa karibu nawajua wote, na huyu simjui. Nikamwandikia kwa Kiingereza, akanijibu kwa sauti, Kiswahili cha Unguja Mjini kabisa.

Hapo ndipo nilipomnunulia shangazi kisanduku chake. Alikuwa kwetu mwezi wa Ramadhani. Maelekezo yanataka mtu asile wala asinywe nusu saa kabla, na yeye alikuwa hajaonja kitu tangu daku. Ila mate hayakuwapo! Alikaa na kichupa baada ya laasiri, kinywa kikavu, na povu halihesabiwi. Lazima maji yenyewe yafike kwenye mstari. "Mwanangu, hawachukui nywele hawa?" Nikamwambia asugue mashavu kwa nje, na taratibu yakafika. Ukifunga kifuniko, dawa ya bluu inashuka ndani, itikise vizuri.

Majibu ya shangazi yalionyesha kuwa yule mama wa Muscat ni wa upande wa baba. Mengine alinieleza shangazi bila kompyuta: babu yangu na babu wa yule mama ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali, na walioa dada wawili wa Pemba. Ukoo wa babu wa yule mama uliondoka Unguja mwaka 1964. Kwa hiyo tunahusiana mara mbili. Kwa mabibi peke yao tungekuwa na wastani wa sentimogani 230, kwa mababu kama 120 nyingine, na programu ikajumlisha yote ikadhani ni udugu wa karibu zaidi. Kwetu, ambako watoto wa ndugu huoana, tarajia namba hizi kuvimba, na usimtangazie mtu udugu kabla hujamuuliza mzee wako.

Usiri nao uufikirie. Kampuni ya 23andMe, ambayo siyo niliyotumia, ilivujiwa taarifa za watu wapatao milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Mimi nilipakua faili langu na kuzuia sampuli isitumiwe kwenye utafiti. Na wanaouliza kuhusu nyumbani: maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Tanzania, hupokea maombi ya vinasaba kupitia mahakama, ustawi wa jamii na vyombo kama hivyo. Huendi tu mwenyewe kwa hamu ya kujua ukoo.

Kama una pesa ya kisanduku kimoja tu, mpe aliye mkubwa kuliko wote nyumbani. Ninachokitaka sasa ni kipimo cha kromosomu Y (ile waliyonayo wanaume tu), kinachofuata baba kwa baba. Huuzwa peke yake na ni ghali zaidi. Kwa upande wa mama, wenye habari za Ushirazi, anayefaa ni mjomba wangu aliyeko London, lakini ameshakataa. Anasema nasaba yake anaijua mpaka babu wa saba, na hamhitaji Mzungu amwekee muhuri. Mama ameahidi kumpigia simu.