Aragorn wa Riwaya na Aragorn wa Filamu: Uzoefu Wangu

Kama wengi wa rika langu hapa Nairobi, nilianza na filamu, na miaka mingi ilipita kabla sijaisoma riwaya yenyewe, The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, iliyochapishwa kwa juzuu tatu kati ya mwaka 1954 na 1955. Filamu za Peter Jackson zilizotoka mwaka 2001, 2002 na 2003 nilikuwa nimezirudia hadi nikawa namjua Aragorn kwa sura moja tu, ile ya Viggo Mortensen: mtu wa maneno machache, nywele zimemlowa mvua, mrithi wa kiti cha ufalme wa Gondor anayeujua ufalme huo wa mababu zake na kuukwepa. Katika kurasa za Tolkien nilimkuta mtu mwingine kabisa, na tathmini hii inamhusu huyo, kwa ajili ya wale wanaojiuliza kama kuna faida ya kutoa pesa na majuma ya usomaji kwa hadithi wanayodhani tayari wanaijua.

Nakala yangu niliinunua kwa mmoja wa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa zao kando ya njia katikati ya jiji. Ni kitabu kimoja kinene chenye juzuu zote tatu, maandishi yake ni madogo, na ukikisoma ndani ya matatu mkono unakufa ganzi kabla hujafika unakokwenda. Bei ilikuwa nafuu, ila baadaye niligundua kwamba viambatisho vya mwishoni vilikuwa vimenyofolewa, jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Nitaeleza kwa nini kasoro hiyo si ndogo.

Tofauti kubwa inaonekana mapema, katika baraza la Elrond, bwana wa Waelfu, linaloamua nini kifanyike na Pete ya Sauron, adui mkuu wa hadithi. Katika filamu, Boromir, mwana wa liwali anayeitawala Gondor isiyo na mfalme, anamdharau Aragorn, ni Legolas, Mwelfu, anayesimama kutaja nasaba yake, na Aragorn mwenyewe anamwambia Legolas akae chini. Elrond naye anamweleza mchawi Gandalf kwamba mtu huyu aliiacha njia ya ufalme zamani na akachagua kuishi uhamishoni. Katika riwaya, Aragorn ndiye anayesimama. Anautupa mezani upanga wa Elendil, mfalme wa kale aliye babu yake, uliovunjika vipande viwili, upanga ambao amekuwa akitembea nao nyikani, kisha anamuuliza Boromir waziwazi kama anataka ukoo wa Elendil urudi Gondor. Upanga huo unafuliwa upya kabla msafara haujaondoka, ilhali katika filamu unakaa umehifadhiwa kwa Elrond hadi filamu ya tatu, anapouleta mwenyewe kambini na kumsihi Aragorn awe yule aliyezaliwa kuwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Aragorn wa riwaya alikwisha kuamua kabla hatujakutana naye. Ana umri wa miaka 87, kwa kuwa watu wa ukoo wake huishi muda mrefu kuliko wengine, na ujanani aliwahi kumtumikia mfalme wa Rohan, nchi jirani, na liwali wa Gondor kwa jina la kubuni. Toleo la filamu lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema halikuutaja umri huo. Unatajwa katika toleo refu pekee, tena kwa mzaha wa kando, Aragorn akila mchuzi mbaya uliopikwa na Éowyn, binti wa ukoo wa kifalme wa Rohan. Hata hivyo ingekuwa makosa kudai kwamba Aragorn wa Tolkien hana mashaka. Baada ya Gandalf kuanguka katika mapango ya Moria, Aragorn anabaki kiongozi wa msafara, na pale kwenye kilima cha Amon Hen analalamika kwamba kila analofanya linaharibika, wala hajui afuate upande gani. Anachokitilia shaka ni njia ya kupita. Haki yake haitilii shaka kamwe.

Naelewa kwa nini waandishi wa filamu walimbadilisha. Mtu aliyekwisha kuamua ni mgumu kumwonyesha kwenye skrini kwa saa tisa na ushei, kwa maana mtazamaji anataka kumwona akianzia hapa na kuishia pale. Mortensen aliibeba hofu ile kwa uso na mabega bila kuhitaji maneno, nami sina ugomvi na uigizaji wake. Isitoshe, kuna mahali ambapo filamu imeishinda riwaya, nalo nalisema bila kusita: kifo cha Boromir. Tolkien anakimaliza kwa ukurasa mmoja hivi mwanzoni mwa juzuu ya pili. Boromir anaungama kwamba alijaribu kumpokonya Frodo, mbebaji wake, ile Pete, Aragorn anamwambia kwamba ameshinda, na ndiyo basi. Katika filamu tunashuhudia pigano lote, mishale mmoja baada ya mwingine, kisha mtu aliyesema Gondor haihitaji mfalme anamwita Aragorn ndugu yake, nahodha wake na mfalme wake. Kwa wahusika hawa wawili, tukio hilo lina uzito kuliko lolote riwayani.

Lakini filamu imepoteza sura ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayomthibitisha Aragorn kuwa mfalme, nayo ni ya Nyumba za Tiba. Vita vya Pelennor, uwanda ulio mbele ya jiji kuu la Gondor, vimekwisha, jiji limeokoka, na Aragorn anakataa kuingia akiwa mfalme. Anaikunja bendera yake, anabaki nje ya malango, na anapoitwa kuwatibu majeruhi anaingia amejifunika joho. Ni mama mzee, Ioreth, mhudumu wa nyumba hizo, aliyekumbuka usemi wa kale kwamba mikono ya mfalme ni mikono ya mganga. Aragorn anaagiza majani ya athelas, mmea wa dawa. Anakuja mtaalamu wa dawa na kuanza kuorodhesha majina ya mmea huo kwa lugha mbalimbali, pamoja na mashairi yanayouhusu, kisha anakiri kwamba hawana hata jani moja. (Kila aliyewahi kusubiri dawa dirishani atamtambua mtu huyu.) Majani yanapopatikana, Aragorn anayapulizia pumzi yake, anayavuruga na kuyatia kwenye maji ya moto, na harufu yake inajaa chumba. Faramir, ndugu yake Boromir aliyejeruhiwa, anafumbua macho na kumwita bwana wake, kabla ya yeyote kumwambia huyo ni nani. Halafu habari zinaenea mitaani, watu wanamletea wagonjwa wao, naye anatibu hadi usiku wa manane.

Toleo la sinema liliiacha sehemu hiyo kabisa, na toleo refu limerudisha picha chache tu za Aragorn akimhudumia Éowyn. Nafasi yake imechukuliwa na jeshi la wafu linalofagia uwanja wa vita kwa dakika chache, ingawa katika riwaya wafu hao kazi yao inaishia bandarini Pelargir, na wanaofika Pelennor na Aragorn ni watu wa kawaida wenye damu ya kumwagika. Toleo refu linakosea zaidi mbele ya Lango Jeusi la nchi ya Sauron, Aragorn anapomkata kichwa mjumbe wa Sauron. Tolkien alimfanya Aragorn amtazame tu, na mjumbe akawa wa kwanza kuyakwepa macho, akilia kwamba tarishi hapigwi. Mfalme anayemuua mjumbe katikati ya mazungumzo simtambui.

Wasomaji waliolelewa na utenzi wa Fumo Liyongo, mrithi aliyenyimwa kiti na kuishi mwituni, watamzoea Aragorn wa riwaya upesi, kwa sababu naye hubeba cheo chake porini bila kuhitaji mtu wa kumthibitishia.

Ushauri wangu ni kuanza na filamu, kwa toleo refu ukiweza, ingawa ile ya tatu inapita saa nne. Kisha usome riwaya bila haraka, na sura ya nane ya kitabu cha tano (kimo katika juzuu ya tatu), ile ya Nyumba za Tiba, usiiruke hata ukichoka. Kabla ya kulipa, fungua kurasa za mwisho uhakikishe viambatisho vimo. Hadithi ya mapenzi ya Aragorn na Arwen, binti wa Elrond, ambayo filamu iliichota na kuitawanya katika sehemu zote tatu, Tolkien aliiweka humo, pamoja na sharti la Elrond kwamba binti yake hataolewa na yeyote aliye chini ya mfalme wa Gondor na Arnor. Bila kurasa hizo hutajua alichokuwa akikingoja mtu huyu miaka yote ile, kama mimi nilivyokosa kujua hadi nilipoazima nakala nyingine.